Umefika Mombasa, Ikoma Umeipita

Mfyuuu! Mizinga tena. Kijana yeyote wa huku kwetu akishuka pwani, lazima arudi na picha amekalia mzinga, miguu inaning'inia, miwani myeusi usoni, nyuma yake ukuta wa matumbawe uliochubuliwa na chumvi kama goti la mtoto wa chekechea. Mzinga ni wa nani, hajui. Ulimlenga nani, hajui. Lakini picha imeshapendwa na nusu ya Mugumu, na nusu iliyobaki inauliza nauli.

Simu yenyewe ilizunguka kijiweni mkono kwa mkono. Ikapita kwa fundi baiskeli, ikapita kwa vijana wa bodaboda, ikapakwa mafuta ya chapati njiani, hadi ikatua kwa Mwalimu mstaafu. Mzee huyu ukimpa picha hamtazami aliyepigwa. Anatazama kilichoko nyuma yake. Akavuta miwani, akaisogeza simu mbali na uso, akauliza, "Mura, huu ukuta ulikuwa unamwogopa nani?"

Kijana akacheka. "Mwalimu, ukuta nao unaogopa?"

"Anaogopa aliyeujenga. Asiye na hofu hajengi kitu kinene namna hii, anapiga miti yake na udongo analala. Nakuuliza, aliyejenga hapa alikuwa anamwogopa nani?"

Hakuna aliyejibu. Muuza kahawa akagonga vikombe, nami nikasogeza kigoda, maana Mwalimu akishauliza swali mara mbili hatuondoki mapema.

Tuanze na njia, kwa sababu kijiwe hiki hakijawahi kusikiliza hadithi isiyoanza na nauli. Watu wa Dar hawaamini nikiwaambia kwamba mtu wa Mara anafika ngome ya Mombasa kwa urahisi kuliko ile ya Kilwa. Unatoka Mugumu alfajiri, unaingia Tarime, unateremka Sirari, unagonga muhuri, hatua chache mbele uko Isebania. Kisii, Narok, Nairobi. Ukifika Nairobi unapanda ile treni ya reli ya kisasa iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, unashuka Mombasa umekaa kwenye kiti, si juu ya gunia la dagaa. Kwenda Kilwa sasa: Mwanza, Singida, Dodoma, Dar, kisha kusini kusikoisha, na ukifika Kilwa Masoko bado unasubiri mashua ikuvushe kisiwani. Mwili unafika, hamu imeshafia Morogoro.

Pale Sirari usijifanye mjanja. Najua una shangazi Kuria Magharibi na mjomba Kehancha, najua mpaka uliwekwa na Mjerumani na Mwingereza bila kumuuliza Mkurya hata mmoja, najua ng'ombe wanavuka usiku bila karatasi. Wewe si ng'ombe. Beba pasipoti au hati ya dharura, kitambulisho cha taifa peke yake hakikufikishi popote. Na kadi ya chanjo ya homa ya manjano usiisahau, maana unaweza kutoka unapiga mluzi, wakati wa kurudi ukawekwa benchi.

Jambo lingine la wananchi wenzangu: kwenye lango la Fort Jesus, ndiyo hiyo ngome ya Mombasa, kiingilio hakilingani. Kuna bei ya Mkenya, kuna bei ya mtu wa Afrika Mashariki, kuna bei ya wa ng'ambo. Sasa wewe unajitokeza na miwani yako na Kiingereza cha kukodi, unadhani utapewa heshima. Utapewa bei. Sema Kiswahili chako cha Mara, toa kitambulisho, lipa cha Afrika Mashariki, pita.

Ukishapita ndipo swali la Mwalimu linapoanza kuuma.

Ngome ile Wareno waliianza mwaka 1593, na kufikia 1596 walikuwa wanaihesabu imesimama. Ramani aliichora Mwitaliano wa Milano, Giovanni Battista Cairati, fundi mkuu wa mfalme kwa maboma ya India. Ukiitazama kutoka juu inafanana na mtu aliyelala chali, kichwa, mabega, miguu, na waongoza wageni hawakuachii mpaka uione. Sawa, tumeiona. Waliyekuwa wakimwogopa ni Mturuki. Miaka ya 1580 alishuka baharia mmoja wa Kituruki, Amir Ali Bey, akapita miji ya pwani, na miji ikampokea kwa mikono miwili kwa sababu ilishachoka na Mreno. Merikebu za Wareno kutoka Goa zikaja kumnasa Mombasa mwaka 1589. Baada ya hapo wakasema hatulali tena bila ukuta.

"Haya, Mturuki akarudi?" akauliza fundi baiskeli.

Hakurudi. Hapo ndipo Mwalimu akatabasamu, kwa sababu hiyo ndiyo sehemu anayoipenda. Umejenga ukuta mita na mita, umeelekeza mizinga baharini, adui mwenyewe unakula naye ndani. Yusuf bin Hasan, mtoto wa sultani wa Mombasa, baba yake aliuawa kwa hila za Wareno. Mtoto wakamchukua Goa, wakamlea wao, wakambatiza, wakampa jina Jerónimo Chingulia, kisha wakamrudisha Mombasa awe mfalme wao mpole. Agosti 1631 mfalme mpole akaingia ngomeni na watu wake kama anayekuja kusalimia, akamuua nahodha wa ngome, na ngome ikawa yake. Mwaka uliofuata Wareno walikuja na merikebu wakaipiga wakashindwa, wakaondoka. Baadaye Yusuf akaiacha mwenyewe, akaingia baharini. Ebo! Ukuta mzima ule, na mtu amepita mlangoni.

Lakini kisa kilichonyamazisha kijiwe hakikuwa hicho. Machi 1696 Waomani waliizingira ngome. Hawakuondoka hadi Desemba 1698, karibu miaka mitatu. Ndani kulikuwa na Wareno, Waswahili wa upande wao, na watumwa. Mwaka 1697 maradhi yakaingia, yakafagia. Kufikia mwisho wa Agosti Wareno karibu wote walikuwa wamekwisha, na aliyebaki kuongoza ngome ya mfalme wa Ureno alikuwa Mswahili, Bwana Daud wa Faza, pamoja na jamaa zake 17, wanaume Waafrika wanane, na wanawake wa Kiafrika wapatao 50.

"Wanawake wangapi?" Mama wa chapati akaacha mwiko juu ya kikaango.

Hamsini. Walishika silaha wakasimama kwenye kuta, wiki kadhaa, hadi msaada ulipofika Septemba kutoka baharini.

"Na wanaume wanane."

Wanane, na hao ndugu za Bwana Daud.

"Majina yao yako wapi hao wanawake?"

Mwalimu akamwambia hayajulikani. Jina la Mwitaliano aliyechora lipo, la nahodha lipo, la Amir Ali Bey lipo. Mama akafyonya kwa sauti iliyosikika hadi kwenye daladala. "Wamechora mtu amelala chali, wakasahau aliyekuwa amesimama." Akageuza chapati. Nimekaa kijiwe hiki muda mrefu, mwongoza wageni wa kusema hivyo sijakutana naye, na angesema mimi ningempa bakshishi.

Kuanzia hapo ngome imebadilisha mikono hadi ukisimulia unapoteza wasikilizaji. Waomani, Wareno tena kwa muda mfupi mwaka 1728 na 1729, kisha Wamazrui, kisha Sultani wa Zanzibar, kisha Mwingereza. Na Mwingereza alipoipata aliifanya nini? Jela. Kuanzia 1895 hadi 1958 ukuta ule haukumzuia mtu kuingia, ulimzuia kutoka. Ngome ya Lamu nayo ikawa jela hadi 1984. Ngome Kongwe ya Unguja, ambayo Waomani waliijenga baada ya kumfukuza Mreno, hata hiyo imeshafunga watu, na kabla haijawa mahali pa tamasha iliwahi kuwa karakana ya reli ya kwenda Bububu. Leo unaingia Ngome Kongwe unauziwa picha ya tingatinga, jioni unasikiliza muziki. Mwalimu anasema Waomani nao walikuwa wakimwogopa Mreno asirudi. Siku hizi amerudi na kaptura na kamera, analipa kwa kadi.

Kilwa nitaigusa tu, kwa sababu kijiweni hakuna aliyefika na sipendi kuuza mali nisiyoishika. Mreno alijenga ngome pale mwaka 1505, akaiacha 1512, hata miaka kumi hakufika. Gereza unaloliona leo kisiwani ni kazi ya Waomani waliokuja baadaye. Magofu ya Kilwa yaliingia kwenye urithi wa dunia mwaka 1981, mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini, bahari inayala, mwaka 2014 yakatolewa baada ya kukarabatiwa. Ukuta uliojengwa kwa kuogopa merikebu unaliwa na maji yenyewe.

Hapo ndipo kijana mmoja wa bodaboda, ambaye muda wote alikuwa anachokonoa plagi ya pikipiki, akauliza swali la maana kuliko yote. "Sasa sisi hapa hatuna?"

Kha! Hatuna? Wewe kila siku unapeleka abiria Robanda, unarudi, unapeleka tena, na lango la kuingilia hifadhi ya Serengeti unaliitaje? Ikoma. Na kwenye vitabu vya watalii panaitwaje? Fort Ikoma. Hiyo "fort" ulidhani ni jina la Mzungu aliyekuwa anauza soda?

Boma la Ikoma lilijengwa na Wajerumani miaka ya mwanzo ya 1900, mawe juu ya kilima, linatazama mbuga upande mmoja na vijiji upande mwingine. Bahari iko wapi? Hakuna. Mturuki yuko wapi? Hakuna. Mreno? Hakuna. Sasa rudia swali la Mwalimu ujijibu mwenyewe. Lile lilikuwa linatuogopa sisi. Kodi ya kibanda, kazi za lazima, askari wa kukimbizana na watu wanaokataa, vyote vilihitaji mahali pa kulala penye ukuta. Ngome ya Mombasa ni wageni waliokuwa wakigombea bandari na wageni wenzao, wenyeji wakiumia katikati. Ya Ikoma haikuwa na mgombea mwingine. Alikuwepo mwenye boma na alikuwepo anayechungwa na boma.

Mgombea alikuja baadaye, wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, na kisa chake kingekuwa cha mbali kama Ulaya kisingetokea hapo pua na mdomo. Mwaka 1917 wakubwa wa Kijerumani walikuwa wanasukumwa kusini, lakini kikosi kimoja kiligeuka kikapanda kaskazini, nyuma ya adui. Mkuu wake wa kwanza, Wintgens, alishikwa na homa ya chawa akajisalimisha karibu na Tabora. Aliyepokea, Naumann, akaendelea kupanda na askari mia kadhaa na wapagazi wao hadi Ikoma, akaingia bomani. Wabelgiji wakamfuata, wakapigana naye pale katikati ya mwaka 1917, wakapata kipigo. Fikiria: Mjerumani na Mbelgiji wanauana kwenye kilima cha Waikoma, na wanaokufa wengi ni askari weusi wa pande zote mbili, na anayebeba risasi za wote ni mpagazi aliyekamatwa njiani. Naumann akashuka tena kusini, akazunguka Tanganyika nusu nzima, na mwaka haukuisha alikuwa amesalimu amri.

Fort Jesus ingekuwa na kisa hicho wangekitengenezea taa na sauti za usiku. Sisi tuna vumbi la magari yanayowahi lango la Ikoma kabla halijafungwa.

Usiseme hapajawahi kujaribiwa. Miaka ya mwisho ya 1960 palifanywa hoteli ya kitalii pale pale, mgeni analala alipolala Mjerumani, anaagiza bia, anawatazama nyumbu kutoka kilimani. Wageni wengi wa mbuga wakati huo walikuwa wanaanzia Nairobi. Februari 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inakata roho, mpaka ukafungwa, na haukufunguliwa hadi 1983. Hoteli ile haikudumu. Na hadi leo njia ya Bologonja, inayounganisha Maasai Mara na Serengeti moja kwa moja, haipitiki kwa mtalii. Mgeni anayetoka Mara ya Kenya kwenda Serengeti kwa barabara anazungukia Isebania, Sirari, Tarime. Yaani anapita mbele ya vibanda vyetu. Ananunua maji, anauliza choo, anaondoka. Nyumbu mwenyewe anavuka bila muhuri.

Fundi baiskeli, ambaye ana upande wa mama Migori, akatukatiza hapo. Akasema mnagombania kuta za wageni, na ya watu weusi iko ng'ambo tu ya Sirari mnaipita mkikimbilia treni. Na ana haki. Thimlich Ohinga iko kaunti ya Migori, kilomita 46 hivi kutoka mji wa Migori, na iliingia urithi wa dunia mwaka 2018. Kuta za mawe makavu, mawe matupu yamepangwa juu ya mawe bila udongo wala chokaa, pengine zinafika mita 4 kwenda juu, unene mita 1 na zaidi, na zimesimama tangu karne ya 16 hivi. Jamii za Kibantu zimekaa humo, Wajaluo wamekaa humo, kila aliyekuja akirekebisha alichokikuta. Ndani kuna maboma madogo ya ng'ombe, kuna mahali palipokuwa na nyumba, kuna mahali pa kufulia chuma. Milango ni mifupi na myembamba. Unaingia umeinama, shingo mbele. Mwizi wa ng'ombe akiingia ameinama hivyo, aliye ndani hahitaji mzinga.

Vijana wa Tarime waliokuwepo wakatazamana. Maana hofu hiyo tunaijua kwa majina ya koo. Hakuna haja ya mwongoza wageni kutueleza kwa nini mtu alale na ng'ombe wake nyuma ya jiwe. Na upande wetu pia wazee wa Kingoreme wanasimulia kuta za mawe vilimani ambako watu na mifugo walijificha Wamasai walipokuwa wakivamia karne ya 19. Kwenye ramani ya watalii hazipo. Zipo kwenye shamba la mtu, na mawe yake mengine yameshakuwa msingi wa nyumba.

Mwalimu akaona nafasi. Anataka halmashauri ipate kibali, pawekwe kibao Ikoma, benchi, kijana wa Robanda aliyefundishwa historia, na wanafunzi wa shule zetu wapelekwe bure kabla ya mgeni yeyote. Siku hizi huwezi kujipandia kilimani tu, lazima uulize ruhusa kwanza, na Mwalimu anasema hilo ndilo la kuanza nalo. Mimi namuunga mkono nusu. Kibao sawa. Ila wakianza kupaka chokaa na kuweka bendera ya Mjerumani kwa ajili ya picha, mimi sipo.

Mzee mmoja wa Kiikoma, ambaye huwa anakunywa kahawa yake bila kuchangia, akasema liachwe lianguke. Kwa sauti ya kawaida tu, kama anayesema mvua itanyesha. Babu yake aliwaambia mawe yale hayakupanda kilima kwa miguu yao. Waikoma, akasema, wana Machaba, zile pembe za ndovu ambazo hutolewa kwa tambiko, na hizo hazihitaji kibao wala kiingilio. Lililojengwa kwa kiboko halina mwenyewe hapa.

Mwalimu akamjibu kwamba likianguka, na kiboko nacho kitasahauliwa, na watoto watadhani Mjerumani alikuja kuangalia nyumbu. Mzee akanywa kahawa. Hakusema amekubali, hakusema amekataa. Katika mabishano yote ya siku hiyo hilo ndilo lililonibakia kooni, kwa sababu kila mmoja wao ana haki na haki zao hazikai kilima kimoja.

Bodaboda wao walishaingia kwenye hesabu. Wanakwenda Ikoma Jumamosi, kikundi kizima, Mwalimu atasimulia, mzee atakuwepo kama mwenye eneo. Mafuta nani anaweka? Fundi baiskeli akasema kila mtu wake. Kijana wa picha za Mombasa akasema yeye ametoka safari hana kitu. Akazomewa. Ikapendekezwa chama, ikapendekezwa mchango, likatajwa jina la mfadhili, jina likakataliwa kwa sababu uchaguzi umekaribia. Mama wa chapati akasema yeye atakwenda na atabeba chapati, ila kwanza aambiwe choo kiko wapi, maana Fort Jesus kwenye ile simu amekiona hadi kibao chake.

"Kule ni porini tu, Mama," akasema Mwalimu kwa upole.

"Porini kuna simba, Mwalimu. Mimi nipelekeni Mombasa."